WRX imeshushwa, rimu mpya za 18 zinakula fenda ya nyuma. Nikunje madigadi ama niuze rimu?

turbo_wa_nax (Nakuru)

Wadau mko aje. Niko Nakuru, pande za Kiamunyi, na nimeleta hii shida hapa kwa sababu kila fundi nikimuuliza ananiambia yake na jirani yake anamwita mwongo.

Gari ni Subaru Impreza WRX ya 2007, sedani, ile watu huita Hawkeye, gia 5 za mkono. Niliinunua ikiwa imeshushwa tayari na springi fupi, iko chini kama milimita 35 ukilinganisha na ya beste yangu ambayo haijaguswa (tulizisimamisha pamoja tukapima kutoka katikati ya habu mpaka mdomo wa fenda). Na rimu zake za kampuni za 17 haikuwa na neno lolote, nimeenda nayo Eldoret, nimeenda Kisumu, nimepanda Nyahururu, hakuna kitu iligusa.

Sasa shetani akanipitia. Nikaona rimu za mtumba zinauzwa Nairobi, inchi 18, upana 8.5, PCD 5x100 (matundu 5 ya nati kwa duara la milimita 100), rangi ya dhahabu, na mnajua Subaru ya bluu ikivaa dhahabu mtu huwa anapoteza akili. Muuzaji akaniapia ati hizo zinaingia bila maswali, ni kufunga nati tu uende. Nikatuma pesa, zikaja na basi, nikanunua tairi mpya nne 225/40R18 (upana milimita 225, ubavu asilimia 40 ya upana, rimu ya 18). Nyuma ya rimu imechapwa +38, wakati huo sikujua hiyo namba ni ya nini.

Na kweli zikaingia. Nikapiga picha, nikaweka status, watu wakasifu. Jioni nikabeba mke, mtoto na shemeji tukienda Njoro, bampu ya kwanza nikasikia krrrr nyuma kushoto, ya pili kulia nayo ikajibu, kufika huko harufu ya mpira imejaa ndani kama tumetoka kwa maandamano. Nikiwa peke yangu haigusi, ama inagusa kidogo sana. Halafu kuna lingine, nikifika 90 hivi stering'i inatetemeka, nikipita 110 inatulia. Nimefanyiwa balansi mara mbili, sehemu mbili tofauti, na bado.

Fundi wa kwanza anasema nikunje fenda. Wa pili anasema niweke spesa (kile kipande cha chuma kati ya rimu na habu), na hapo ndio nimepotea kabisa kwa sababu si spesa inasukuma tairi nje zaidi? Wa tatu anasema nivalishe tairi 205 nizivute zikae kwa hizo rimu. Mke wangu anasema tatizo ni uzito wa shemeji.

Nisaidieni kabla sijaharibu gari.

---

dala_boxer (Kisumu)

Pole bro. Wacha nianze na mtetemo kwa sababu huo ndio rahisi na ndio hatari, fenda itangoja.

Tundu la katikati la rimu yako ni ngapi? Habu ya hiyo Subaru ni milimita 56.1. Rimu nyingi ambazo si za kampuni zinatobolewa kubwa, 73.1 hivi, ndio ziweze kuuziwa mtu wa gari yoyote. Sasa hapo kuna nafasi ya milimita 8 na nusu kuzunguka habu yote, rimu haikai katikati kwa habu, inashikwa na nati peke yake, na fundi akiifunga gari ikiwa imeshakanyaga chini uzito unaivuta kidogo upande mmoja. Utafanya balansi mpaka uzeeke. Mashine ya balansi inaishika rimu katikati vizuri kwa koni yake, kwa hivyo pale inasoma sifuri, ukirudi kwa gari inatetemeka. Ilinifanyia hivyo miezi 3 nikabadilisha hadi ball joint zisizo na makosa.

Dawa ni ringi za habu, nje 73.1 ndani 56.1. Za plastiki zipo, za aluminiamu zipo, mimi niko na za plastiki mwaka wa tatu huu na joto la Kisumu halijaziyeyusha. Lakini pima rimu yako kwanza na kalipa ya kupimia, usinunue kwa kukisia.

Pili, nati. Tafadhali niambie haukupewa nati pamoja na rimu ukazifunga bila kuangalia. Nati ya Subaru ni M12x1.25 (bolti nene milimita 12, nyuzi zake ziko umbali wa milimita 1.25). Ya Toyota ni M12x1.5, na huku kwetu nati zilizojaa mtaani ni za Toyota. Inaingia mizunguko miwili ya kwanza kama kawaida halafu inakuwa ngumu, kijana wa mashine ya hewa anafikiria ni kutu, anafyatua, inaingia kwa nguvu, na stadi, ile bolti ya habu, imeisha. Ya Subaru sahihi inazunguka na vidole mpaka karibu mwisho. Hesabu pia mizunguko, nyuzi zinafaa kushikana angalau milimita 12, hiyo ni karibu mizunguko 10. Ikifunga kwa 5 usiendeshe.

Spesa achana nayo. Huyo fundi alisikia neno mahali.

---

turbo_wa_nax (Nakuru)

Aisee. Nimetoka nje na tochi saa hii. Nati zilikuja na rimu, moja imeingia na vidole, ingine imekataa kwa mzunguko wa tatu. Sitaendesha kesho.

---

dala_boxer (Kisumu)

Usiendeshe kesho.

---

fundi_wa_shabab (Nakuru)

Mimi ni fundi na nimesoma yote, wacha tufanye hesabu kidogo kwa sababu hii kitu ya "inaingia" imelisha watu hasara sana hapa Nakuru.

Rimu yako ya kampuni ni 17 upana 7 ofseti +55. Ofseti ni umbali kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka pale inapogusana na habu. Namba ikiwa kubwa rimu inaingia ndani, ikiwa ndogo inatoka nje. Upana wa inchi 7 ni milimita 178, nusu yake 89, toa 55, mdomo wa nje wa rimu unakaa milimita 34 kutoka kwa habu. Ya sasa ni 8.5, hiyo ni 216, nusu 108, toa 38, unapata 70. Kwa hivyo mdomo wa rimu umetoka nje milimita 36 kuliko zamani. Thelathini na sita! Ndani nako, 89 ukiongeza 55 ni 144, na 108 ukiongeza 38 ni 146, yaani ndani umesogea milimita 2 peke yake. Unaona? Upana wote ulioongeza umeenda nje, ndani kwa shoki bado kuna nafasi imekaa bure. Hiyo rimu ingekuwa +48 saa hii tungekuwa tunaongea mambo ya mpira wa Gor Mahia.

Tairi yenyewe haijatoka yote 36 kwa sababu ile ya zamani ya 215 ilikuwa imevimba kidogo kupita rimu nyembamba, na 225 imekaa karibu wima kwa 8.5. Ukipiga ni kama 25 hadi 30. Lakini pia imekua juu: 215/45R17 kipenyo chake ni 625, 225/40R18 ni 637. Nusu ya hiyo tofauti ni milimita 6, na hizo 6 zinaenda juu kuelekea mdomo wa fenda, kwa gari ambayo ishashuka 35. Sasa weka shemeji. (Spidomita nayo itakuwa nyuma kwa karibu asilimia 2, si mbaya, lakini ujue.)

Kabla mtu yeyote ashike nyundo fanya hivi. Chukua unga wa ngano, kanda kama wa chapati lakini mgumu, tengeneza vipande kama kidole gumba, bandika chini ya mdomo wa fenda ya nyuma sehemu tatu, juu kabisa, mbele kidogo, na nyuma pale bampa inakutana na fenda. Paka tairi choki. Beba watu wako wote, pita bampu polepole halafu ingine kwa mwendo wako wa kawaida, rudi uangalie. Unga uliobonyezwa mpaka ukaisha ndipo panagusa, uliobaki pima na rula. Usipime gari ikiwa imesimama tu, gari iliyosimama haidanganyi lakini haisemi yote.

Mara nyingi kwa hiyo bodi utapata inagusa sehemu mbili, ule mkunjo wa bati ndani ya mdomo wa fenda, na ile sikio ya bampa na skrubu yake pale kona. Hiyo ya kona wengi hawaioni, wanakunja fenda yote halafu inaendelea kula tairi kwa skrubu.

Ukikunja: fenda ya nyuma si ya bolti kama ya mbele, imechomelewa na bodi, ukiiharibu umbo umejinunulia panelbeating na rangi ubavu mzima. Ipashwe moto na mashine ya hewa moto kwanza mpaka rangi ilainike, ile roller ifungwe kwa habu, iende pole pole, mara nyingi, kila mara kidogo. Mwenye atakuambia ataweka rungu la baseball kati ya tairi na fenda asukume gari, mwambie asante uende nyumbani. Na ikishakunjwa paka ndani rangi ya kuzuia kutu, maji ya matope yatakaa hapo.

Kemba, yaani vile tairi imelala ukiitazama kutoka nyuma, pia itakusaidia. Mbele ile bolti ya juu ya shoki inaregulatika, nyuma haina, unanunua bolti maalum za kemba. Ukienda digrii 2 hasi nyuma kichwa cha tairi kinaingia ndani kiasi cha kutosha. Usiende 4 ndio uonekane kwa picha, tairi italika ndani kama imepigwa randa.

---

kemboi_si_jina (Eldoret)

uza rimu kwangu nina stesheni wagoni na sina shemeji

---

mama_flat4 (Kakamega)

Mimi naomba niongee kuhusu tairi maana wanaume mkianza rimu mnasahau kile kinagusa lami.

Hiyo ya 205 kuvutwa kwa 8.5 kataa. Ubavu unakaa umelala, rimu inabaki mbele kama midomo, na ukigonga shimo hakuna mpira unaopokea. Tena angalia namba ya uzito. Tairi zako za zamani zilikuwa 87, hiyo ni kilo 545 kila tairi. 225/40R18 za kawaida ni 88 ama 92, ya 92 inabeba 630. Ukitaka kushuka kidogo kimo kuna 215/40R18, kipenyo 629, unapata milimita 4 za nafasi juu, ila hakikisha ni 89 si 85, na 8.5 ndio mwisho wa upana inaokubali. Lakini umeshanunua 225 mpya, mimi singezitupa kabla ya ule mtihani wa unga.

Kitu ingine na hii niliilipia karo. Usiwahi changanya tairi kwa hiyo gari. Mimi nilipata pancha ya ubavu pale Chavakali, nikanunua mbili mpya nikaweka mbele, nyuma nikaacha za zamani zenye meno yamebaki milimita 4. Mpya ina 8. Tofauti ya milimita 4 kwa meno ni milimita 25 kwa mzunguko mzima wa tairi, na Subaru wanataka isizidi 6. Mbele na nyuma zikawa haziendi sawa hata barabara ikiwa imenyooka, difu ya katikati, ile inagawa nguvu mbele na nyuma, inafanya kazi siku nzima bila sababu, mafuta yake ya ndani yanapata moto mpaka inajifunga. Nikaanza kuona gari ikigoma kukata kona kwa parking, kama mtu anavuta handbreki, nikafikiria ni breki. Miezi kadhaa baadaye giaboksi imeteremshwa. Sasa nanunua nne ama sinunui, na nazizungusha mbele nyuma kila nikibadilisha oili mara ya pili.

Soma pia ile namba ya mwisho ya DOT iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, tarakimu 4. 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Kuna tairi zinang'aa dukani na zina umri wa mtoto wa darasa la tatu.

Halafu alaimenti baada ya kila kitu, si kabla. Gari ikishushwa si kemba tu inabadilika, hata vile tairi zinaangaliana mbele inabadilika, na hiyo ndio inamaliza tairi haraka kuliko kemba. Kama mwenye alikuuzia alishusha akaacha hivyo, hizo mpya zitaanza kulika kando hata zikiacha kugusa fenda.

---

mzee_wa_kedong (Naivasha)

Vijana hamjambo. Nimecheka ile ya unga, bibi yangu akiniona nikibandika chapati kwa gari atanipeleka hospitali ya akili Gilgil.

Swali langu ni moja. Kwa nini 18? Tangu Safari Rally irudi kwa WRC, yale mashindano ya rali ya dunia, 2021 hizo gari za dunia zinakuja hapa kwetu Naivasha kila mwaka, na kwa vumbi zinavaa rimu za inchi 15. Kumi na tano! Za 18 wanazo, lakini ni za lami. Wenye wanalipwa kuenda haraka kwa mawe wanataka mpira mwingi na chuma kidogo, nyinyi mnaoenda Njoro kununua mboga mnataka chuma kingi. Mwaka 1993 Patrick Njiru alimaliza Safari na ka-Subaru Vivio ka sisi 660, tairi zake ungebeba mbili kwa mkono mmoja.

Rudisha 17 zako, valisha 225/45, kipenyo 634, ubavu milimita 101. Utalala vizuri.

---

dala_boxer (Kisumu)

Mzee heshima zako, lakini tusiongope, ubavu wa 215/45R17 aliyokuwa nayo ni milimita 97 na wa hii 225/40R18 ni 90. Tofauti ni 7, si kama amevaa mkanda wa suruali. Nimeendesha 18 miaka mitatu Kisumu Kericho Nakuru, rimu moja tu imepasuka na hiyo ilikuwa kosa langu, usiku, mvua, nikifuata lori karibu sana pale Awasi, shimo nikaliona likiwa chini yangu tayari. Ila nakubali kitu moja, weka upepo wa kutosha. Tairi fupi ikikosa upepo ndio rimu inagonga. Mimi hupima asubuhi tairi zikiwa baridi, PSI 35 mbele 34 nyuma, nikibeba watu naongeza 2 nyuma. Kijana wa petroli stesheni akikuwekea kwa macho mkatalie.

---

mzee_wa_kedong (Naivasha)

Kwa hivyo imepasuka moja.

---

dala_boxer (Kisumu)

😂 Imepasuka moja mzee.

---

turbo_wa_nax (Nakuru)

Nimerudi wadau, siku 16 baadaye, wacha niwape ripoti kamili.

Nati: kati ya 20 zilizokuja na rimu, 9 zilikuwa za nyuzi 1.5. TISA. Zilikuwa zimechanganywa kwa mfuko mmoja. Stadi 4 zimeharibika tukagonga mpya, nikanunua seti nzima ya M12x1.25 za koni. Tumefunga gari ikiwa juu ya jeki, kwa msalaba, halafu chini na ile spana inalia klik, Nm 100, nikarudia baada ya kilomita 80 na mbili zikakubali kuzunguka kidogo.

Tundu la katikati lilikuwa 73.1 kama ulivyosema dala_boxer. Ringi nimeweka za aluminiamu, nimepaka grisi nyembamba zisigandane na habu. Mtetemo umeisha. Umeisha kabisa, nilienda mpaka Salgaa na kurudi nikingoja urudi na haukurudi. Balansi mbili nililipa bure.

Unga: mke aliniuliza kama ni uchawi. Tulibeba wote, hata shemeji alikubali kwa sharti nimnunulie nyama. Kushoto unga wa juu uliisha, wa kona ya bampa uliisha na alama ya skrubu ikabaki kwa tairi, kulia ulibaki milimita 2. Mbele hakuna kitu iligusa isipokuwa plastiki ya ndani ukikata stering'i yote, nayo nimeifunga nyuma na kishikio.

Tukatoa ile skrubu, sikio la bampa likapunguzwa na kufungwa upya kwa ndani. Fundi_wa_shabab amekunja mdomo wa nyuma pande zote mbili, masaa 3 na nusu, rangi haijapasuka ila kushoto kuna kamstari ukiangalia na jua la jioni. Bolti za kemba nyuma, imekaa digrii 1.9 hasi, halafu alaimenti. Mama_flat4 ulijua, mbele tairi zilikuwa zimeachana vibaya, hata sijui ile gari ilikuwa inaendaje.

Unga wa pili, watu walewale, bampu zilezile: kushoto imebaki milimita 5, kulia 7. Haigusi. Nimejaribu na nikiingia shimo moja kubwa huku Kiamunyi kwa makusudi iligusa mara moja, kidogo, nikasema hiyo ni haki yake.

17 za kampuni sijauza. Nimeziwekea 225/45 kama mzee alivyosema, hizo ndizo nitavaa tukienda ushago Desemba kwa sababu kutoka lami mpaka kwa boma ni kilomita 6 za mawe. Kemboi utangoja.

Halafu tulipita kwa chemist tukapima shemeji kwa mashine ya shilingi kumi. Kilo 112. Mke wangu hajaniongelesha tangu jana, ametulia tu akitabasamu.

---

fundi_wa_shabab (Nakuru)

Hiyo kamstari ya kushoto leta Jumamosi tuipitishe polishi. Shemeji aje pia, nataka kupima springi.